Mvumo Darini

Ni nani aliyekuwa akivuma juu ya dari ya chumba cha mama kila jua lilipofika utosini?

Kitinda hakuwa mtu wa kustahimili kukaa na swali tupu. Nyumbani walimwita hivyo kwa sababu yeye ndiye kitindamimba, na jina hilo lilikuwa limemganda mpaka kazini, katika mji mwingine alikokuwa akifunga mifumo ya umeme wa jua. Mama ndiye aliyempigia simu. Hakulia, wala hakupaza sauti. Alisema tu, kwa utulivu wa mtu anayeeleza kwamba huko kwao mvua imenyesha, "Baba yako amerudi. Yuko juu ya dari. Anavuma ule wimbo wake usio na maneno."

Baba alikuwa amekwisha kuzikwa miezi kadhaa iliyopita. Kitinda alikuwapo kaburini, akaona kwa macho yake udongo ukimfunika.

Alifika kesho yake, asubuhi ikielekea kwisha. Mtaa ulikuwa umenyamaza kama mitaa inavyonyamaza jua linapokuwa kali: milango imerudishwa, mbwa wamejikunyata chini ya magari, vivuli vimejikusanya miguuni mwa wenyewe kana kwamba vinaogopa kwenda mbali. Juu ya bati la nyumba yao paneli zilimeta, zimepangwa sambamba, hakuna hata moja iliyoinamisha bega. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mwisho ya baba. Alikuwa amewafungia umeme watu wa mtaa mzima hata wakambandika jina la Fundi Mwanga, lakini nyumba yake mwenyewe aliiacha hadi mwisho, na alipoifikia alikuwa tayari mgonjwa.

Mlangoni alimkuta Baba Mdogo, ndugu wa marehemu, aliyepanda mapaa pamoja na kaka yake tangu ujana wao. Huyu alikuwa mtu wa masihara. Hata msibani alikuwa amewachekesha wabeba maji. Leo mzaha wake ulikuwa na haraka, kama wa mtu anayesukuma takataka chini ya zulia wakati mgeni amekwisha kupiga hodi.

"Karibu, mhandisi! Umekuja na mizigo au umekuja na njaa?"

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba. Mbona umebaki mifupa? Huko wanakulisha au wanakuonyesha picha za chakula?"

"Mama yuko wapi?"

Masihara yakamkauka mdomoni. "Chumbani. Anapiga pasi."

"Anapiga pasi nguo za nani?"

Baba Mdogo akavitazama viatu vyake. "Ingia ukajionee mwenyewe, mwanangu."

Chumba kilikuwa safi kupita kiasi. Kitanda kimetandikwa pande zote mbili, mito miwili, miwani ya baba juu ya meza ndogo ikiwa imefutwa vumbi. Mama alikuwa amesimama mbele ya meza ya kupigia pasi, mgongo umenyooka, nywele zimesukwa vizuri. Mbele yake lilikuwa shati jeupe la baba. Kitandani palikuwa na mashati mengine, yamekunjwa na kupangwa kwa rangi, na Kitinda aliona mara moja kwamba yalikuwa yamepigwa pasi si mara moja wala mbili. Kola zilikuwa zimeanza kung'aa kwa kupitiwa na chuma cha moto.

"Mama."

"Umefika, mama'angu." Alimkumbatia kwa mkono mmoja, wa pili haukuachia pasi. "Zungumza polepole. Unajua hapendi kelele akiwa kazini."

"Nani, mama?"

Mama alichomeka pasi ukutani, akaishusha juu ya shati. Taa ndogo nyekundu ikawaka kwenye mpini.

Na hapo, juu ya vichwa vyao, mvumo ukaanza.

Ulikuwa wa chini, wa puani, wenye mkwaruzo ndani yake. Ulipanda kidogo, ukayumba, ukatulia kwenye noti moja, kisha ukayumba tena. Kitinda aliijua sauti ile. Baba alikuwa na desturi ya kubana skrubu midomoni anapofanya kazi, na kwa kuwa hakuweza kufungua kinywa, nyimbo zake zote zilitokea puani bila maneno. Akiwa mtoto, Kitinda alikuwa akisimama chini ya ngazi akibashiri ni wimbo gani, na hakuwahi kupatia hata mmoja.

"Umemsikia?" Mama alikuwa akitabasamu. "Nikipiga pasi, ananijibu. Nikiacha, ananyamaza. Giza likiingia hayupo. Anakuja na jua na kuondoka na jua, vilevile alivyokuwa akienda kazini."

Wingu likapita mbele ya jua. Mwanga wa dirishani ukafifia, na mvumo ukashuka, ukashuka, ukawa pumzi tu, ukapotea. Mama akabaki ameinua uso, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. Wingu lilipoondoka, mvumo ukarejea palepale ulipoachia.

Kulikuwa na harufu pia. Kitinda aliitambua lakini hakuweza kuipa jina. Ilikuwa kama ya samaki waliosahauliwa juani, na humo ndani hapakuwa na samaki.

Alikuwa amesoma. Alikuwa na cheti, na vifaa vya kupimia katika mkoba. Hata hivyo, akiwa amesimama katikati ya chumba cha wazazi wake, mchana kweupe, midomo yake ilijifungua yenyewe.

"Baba?" akanong'ona.

Mvumo ukapanda ghafla, mkali, karibu kuwa kilio.

Kitinda alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagonga kabati. Angetoka mbio kama asingetupa jicho, kwa bahati tu, kwenye mpini wa pasi. Taa nyekundu, ambayo ilikuwa imezimika pasi ilipopata moto wa kutosha, ilikuwa imewaka tena. Akaikodolea macho. Taa ikazimika; mvumo ukashuka. Taa ikawaka, mvumo ukapanda.

Alimbusu mama shavuni, akatoka barazani. Kisha akamwita Baba Mdogo.

"Pale juu ya chumba kuna kiungo cha waya?"

"Kipo. Waya unaotoka kwenye paneli unapita darini, unaunganishwa juu ya boriti, halafu unashuka kwenye inveta."

"Kile kiungo nani alikivuta?"

Swali hilo lisingekuwa na uzito kwa mtu mwingine. Lakini katika kikosi cha Fundi Mwanga palikuwa na utaratibu ambao haukuvunjwa hata mvua ikinyesha: fundi aliyekifunga kiungo hakuruhusiwa kukipitisha mwenyewe. Ilikuwa lazima mwenzake akishike na kukivuta kwa nguvu, na kikilegea hata kwa unywele, kinakatwa na kufungwa upya, bila ubishi na bila kununa. Kitinda alikuwa amevutiwa viungo vyake tangu alipoanza kushika koleo, na alikuwa amelia juu ya vingi.

Baba Mdogo alizungumza na sakafu.

"Mikono yake ilikuwa inatetemeka, Kitinda. Wewe hukuwapo. Alikaa pale juu ya boriti, jasho linamchuruzika, anabana kile kiungo kwa mikono miwili kama mtu anayebana nazi. Alipomaliza akaniangalia. Akaniambia, 'Haya, vuta.'"

"Ukavuta?"

"Ningevutaje?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Maisha yangu yote yeye ndiye aliyenivutia mimi. Nikamwambia, 'Kaka, chako hakivutwi.' Akacheka. Nikampa mkono, tukashuka. Nilidhani nimemheshimu."

Kitinda alitaka kumfariji, lakini ndani ya nyumba mvumo ulikuwa ukiendelea, na sasa alijua anasikiliza nini.

"Simama kwenye swichi kuu ya paneli," akasema. "Usibanduke hapo. Nikikuita, zima hapohapo, usiniulize kitu."

"Unapanda sasa hivi? Na jua hili?"

"Likizama sitaona kitu. Nipe ngazi."

Baba Mdogo akaleta ngazi, ila hakuiachia upesi. "Kuna kitu kule juu," akasema. "Usije ukashtuka ukaanguka. Shemeji aliniomba nikipeleke. Alisema..." Akashindwa kumalizia. "Basi, utakiona."

Mlango wa dari ulikuwa ukumbini. Kitinda aliusukuma kwa kichwa, na joto likamvamia usoni kama pumzi ya mnyama. Chini ya bati palikuwa na giza lililotobolewa kwa vijitundu vya misumari, na kila kijitundu kilishusha uzi mwembamba wa mwanga uliojaa vumbi. Bati lilikuwa likitoa milio midogo midogo kwa kutanuka. Mvumo huku ulikuwa mkubwa. Haukuonekana kutoka mahali pamoja, bali ulizunguka katikati ya mbao, ukipita nyuma yake, kisha mbele. Akatambaa juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba bati, magoti yakizitafuta, mpaka akakadiria kuwa yuko juu ya chumba cha mama. Akawasha tochi.

Mtu alikuwa amesimama gizani.

Alikuwa amempa kisogo, mabega mapana, kofia kichwani, mkono mmoja umenyooka kuelekea boriti kana kwamba anafunga kitu. Mtu yule akatikisika taratibu, mabega yakapanda na kushuka, akipumua.

Ilichukua muda kwa akili kukubali yale ambayo macho yalikuwa yakieleza. Lilikuwa koti la kazi la baba. Lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wa kenchi, na kofia yake juu yake, na hewa ya moto iliyokuwa ikipanda ndiyo iliyokuwa ikilipumulisha. Mkono wa koti ulikuwa umelazwa juu ya boriti. Pembeni ya mkono huo, ndani ya plastiki nyeusi iliyokwisha kuyeyuka na kuvimba, ikitoa ile harufu ya samaki, kulikuwa na nyota ndogo ya zambarau isiyotulia. Ilikuwa ikivuma.

Kitinda akasogeza tochi karibu. Kiungo kilikuwa kimeachana kwa upana wa kucha, na umeme ulikuwa ukiruka pengo lile bila kukoma. Mbao iliyokuwa chini yake ilikuwa nyeusi kama mkaa. Kwenye mkono wa koti, lililolowa mafuta na kujaa vumbi la mbao la miaka na miaka, palikuwa na tundu la duara lenye kingo za kahawia. Alipokuwa akilitazama, ukingo mmoja ukawa mwekundu, ukatembea kidogo kama mdudu, ukazimika.

"Baba Mdogo! Zima!"

Mvumo ukakatika.

Kisha, kutoka chini, kupitia mbao nyembamba za dari, ikaja sauti ya mama, ya karibu mno, kana kwamba alikuwa amesimama juu ya kitanda na kuweka mdomo kwenye dari.

"Mmemfanya nini?"

Kitinda alilibandua koti, akaufikicha ule ukingo ulioungua kati ya vidole vyake mpaka akawa na hakika kwamba hauna uhai, akashuka nalo kifuani.

Mama alikuwa ukumbini, mbele ya inveta, lile sanduku la ukutani linalogeuza umeme wa paneli kuwa umeme wa nyumba. Taa zake zote zilikuwa zimezimika. Baba Mdogo alikuwa ameziba swichi kwa mgongo wake, mikono ameitandaza, na hakuonekana kama mlinzi bali kama mtoto aliyevunja sahani.

"Washa, shemeji," mama akasema.

"Shemeji, mwache kwanza huyu mtoto aeleze."

"Sijauliza maelezo. Nimesema washa."

"Mama, tazama." Kitinda alikunjua mkono wa koti na kuingiza kidole katika lile tundu. "Hii ni kazi ya kiungo kilicholegea. Waya zimeachana, umeme unaruka katikati, ndiyo sauti unayoisikia. Ukipiga pasi unavuta umeme mwingi, kwa hiyo kinavuma zaidi. Wingu likipita, paneli zinapungukiwa nguvu, kinanyamaza. Mbao za pale zimekuwa mkaa. Koti lilikuwa limeanza kushika moto. Mama, kitanda chako kiko chini yake hasa."

Alikuwa amejiandaa kwa machozi, au kwa mabishano ya kwamba elimu imemharibu. Mama alilichukua koti, akalinusa, akalikunja mara mbili juu ya mkono wake.

"Unadhani mimi sijui?" akauliza.

Akalipangusa lile koti vumbi.

"Nimeolewa na fundi umeme tangu sijatoboa masikio. Meza yangu ya chakula ndiyo ilikuwa meza yake ya kazi. Sauti ya kiungo kibovu naijua kuliko mnavyoijua nyie wawili. Siku ya kwanza tu ilipovuma nilijua." Alimgeukia Baba Mdogo, na sauti yake haikuwa na hasira. "Na nilijua ni kipi. Ni kile alichofunga akiwa hawezi tena kubana. Kila kitu kingine alichoacha ni kizima, shemeji. Paneli zimenyooka, milango inafunga, redio inaongea. Vyote vingeweza kufanywa na mtu yeyote. Kile peke yake ndicho chenye mkono wake wa mwisho, ule nilioulisha kwa kijiko. Mimi nasikiliza kutetemeka kwake. Sasa niambieni mnachotaka kunipa badala yake."

Baba Mdogo akafuta uso kwa kiganja. Mgongo wake ulikuwa umeachana na ukuta kidogo, na mkono wake, polepole, ulikuwa ukirudi kwenye swichi.

Kitinda aliuona mkono ule. Alielewa kwamba ungeiwasha, kwa upendo uleule na heshima ileile iliyouzuia kuvuta. Alielewa pia kwamba naye hakuwa na kitu cha kumpa mama. Hakuna waya mpya ambao ungevuma. Kiungo kizuri hakisikiki. Hicho ndicho alichofundishwa, na hicho ndicho alichokuwa karibu kumwachia mama yake: nyumba nzima, salama, kimya kabisa. Kwa muda mfupi alitamani sana kutokuwa fundi. Alitamani kuketi kitandani na mama, wapige pasi shati lingine, wasikilize kidogo tu, leo tu.

Nje jua lilikuwa bado kali. Kupitia mlango wa dari uliobaki wazi, harufu ile ya samaki ilikuwa ikiteremka, na nyuma yake, nyembamba bado, harufu ya moshi wa mbao.

Akaushika mkono wa Baba Mdogo, akauondoa kwenye swichi na kuubakiza mkononi mwake.

"Sina cha kukupa badala yake, mama," akasema. "Nikikudanganya utajua. Lakini hakiwashwi tena. Sasa hivi napanda na ndoo ya mchanga mtupu, si maji, nikauzime ule mkaa. Baba Mdogo, chukua mablanketi yote, ukazifunike paneli, maana swichi imekata njia tu, zenyewe bado zina umeme maadamu jua lipo. Nikishapima nikaona waya hauna umeme, nakikata kile kiungo. Kisha nakata na vingine vyote alivyofunga tangu alipoanza kuugua, hapa na kwa majirani, na nitawaambia majirani ni kwa nini."

"Utawaambia nini juu yake?" mama akauliza.

"Nitawaambia alikuwa mgonjwa, aliomba avutiwe, na sisi tukamwonea aibu."

Baba Mdogo akainamisha kichwa. Mama alilibana koti kifuani, asitikise kichwa wala asikubali.

"Leo unalala kwa jirani," Kitinda akasema. "Kesho naanza kufunga upya, na kila nitakachofunga, wewe mama ndiye utakayekivuta."